Mama Mdogo wa Ng'ambo ya Mto

Habari yenyewe niliisoma mimi. Nafanya kazi kwenye redio ndogo hapa Mpanda mjini, na taarifa ya saa saba mchana ni yangu. Siku ile karatasi ilisema kwamba mawaziri wa mambo ya nje wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wamekutana, na wamekubaliana kuwa nchi zao ziwe na msimamo mmoja mbele ya dunia, zizungumze kwa sauti moja, na majirani wasiwe tena na siasa za kuvutana. Nikaisoma kama ninavyosoma bei ya mahindi.

Nilipotoka studio simu yangu ilikuwa inaita. Alikuwa mama, kutoka Katumba.

"Nimekusikia," aliniambia. "Hayo uliyosoma ni ya kweli?"

"Ndivyo walivyosema, mama."

"Burundi na Rwanda na wao wamo?"

"Wamo."

"Basi mwambie kaka yako asimuuze yule mbuzi mkubwa mpaka niseme, ndiye nauli yangu. Nina safari."

Mama aliletwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, akiwa msichana aliyeolewa juzi tu. Alikuwa ameolewa kusini mwa Burundi, mbali na kwao, na vurugu za mwaka sabini na mbili zilipofika yeye na ukoo wa mume wake walikimbilia huku. Walipewa pori, wakalifyeka, wakalima mahindi na tumbaku, na sisi sote tukazaliwa kwenye harufu ya bani, banda la kukaushia tumbaku. Wazazi wake walibaki kaskazini, kwenye kilima kilicho karibu na mto Kanyaru. Nao walikimbia, ila wao walivuka mto kuingia Rwanda wakiwa na mtoto wao wa mwisho, msichana wa miaka kama kumi. Mama hakuwasikia tena. Kila tukisali jioni aliwataja wote kama marehemu, na yule mdogo pia.

Halafu, kabla ya ile taarifa niliyoisoma, kwaya ya kanisa letu ilikwenda kwenye mkutano wa injili Kigoma, na huko mama mmoja wa kwaya alikutana na mwanamke anayetoka upande wa kile kilima. Wakaulizana mambo ya ukoo. Baada ya muda ikaja namba ya simu ya binamu yangu aliyerudi kuishi kwenye ardhi ya babu, na kwa huyo binamu ikaja namba ya Rwanda. Nilimpigia mama ile namba mimi mwenyewe, tumekaa jikoni kwake, simu nimeiweka sauti kubwa.

Upande wa pili alijibu mwanamke mzee. Mama aliuliza kwa Kirundi, kwa ukali, kama anayekamata mwizi, "Kama wewe ni mdogo wangu, nani alikutoboa masikio?"

"Ulinitoboa wewe," ile sauti ilisema. "La kushoto ulilipeleka upande. Mpaka leo hereni inakaa vibaya."

Mama aliweka kijiko chini akalia kwa sauti, majirani wakaja wakidhani tumefiwa.

Tangu siku hiyo waliongea karibu kila jioni. Mama mdogo aliolewa huko Rwanda, alizika mume, ana binti mmoja, na figo zake zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki alipelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na akikosa anavimba na kupumua kwa shida. Vijana wa kanisani kwake walimtumia mama picha, ila macho ya mama yana mtoto wa jicho. Alikuwa anaishika simu yangu karibu na pua, anasema naona kitambaa, naona ukuta, uso siuoni. Sauti ndiyo aliyokuwa nayo.

Sisi watoto tulipanga kumpeleka moja kwa moja Rwanda kwa kupitia Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Mama mdogo alikataa. "Mkija kwangu mtaniona mgonjwa kitandani," alisema. "Nataka nije mimi nyumbani kwa baba. Toka hapa kwangu mpaka kilimani ni saa mbili kwa gari. Navuka Jumamosi, narudi Jumapili, Jumatatu niko kwenye mashine. Dada anikute nimesimama." Mama akasema iwe hivyo hivyo.

Kwa hiyo tulisafiri, mimi na yeye, tukiwa na hati zetu za kusafiria za Tanzania, maana tulishapewa uraia. Mama aliishika yake mkononi muda wote toka Mpanda, Uvinza, mpaka Kigoma, hakutaka niiweke kwenye mkoba. Pale Manyovu, mpakani mwa Burundi, alinishika mkono, maana mara ya mwisho kuwa upande ule alikuwa anakimbia. Askari alimgongea muhuri bila hata kumtazama. "Ndio hivyo tu?" aliniuliza tulipotoka. Nikamwambia siku hizi ndio hivyo tu. Alicheka. Njia nzima ya Burundi alikuwa mchangamfu, anamsimulia kondakta kwamba zamani hapa hapakuwa na barabara, kondakta anaitikia, "Eee, mama."

Tulifika kilimani siku ya Jumanne. Binamu alikuwa ameondoa majani pale palipokuwa na nyumba ya babu, na ukisimama pale unaiona Rwanda, mashamba yake, mabati yanayong'aa, hata moshi wa majiko. Mama hakuyaona hayo, alinitaka nimweleze. Kisha akaanza kupanga chakula cha Jumamosi.

Alhamisi mchana binamu alirudi kutoka sokoni akiwa amebeba baiskeli begani, sijui kwa nini hakuiendesha.

"Shangazi," alimwambia mama, "mpaka umefungwa."

"Mpaka gani? Tumepita juzi."

"Sio ule wa kwenu. Huu wa juu. Wa Rwanda. Wakubwa wamekosana."

"Wamekosana nini?"

Binamu alieleza alichosikia sokoni: huyu anamtuhumu yule kuwahifadhi watu wenye silaha, yule anakana, kila upande una maelezo yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu alinigeukia mimi. "Si ulisoma kwamba watakuwa na sauti moja?"

"Nilisoma, mama."

"Au ulisoma vibaya?"

"Sikusoma vibaya."

Jumamosi mama mdogo alipanda gari hata hivyo. Binti yake alimpeleka mpaka mpakani, akidhani mgonjwa atahurumiwa. Walikaa pale toka asubuhi, askari wa huku na wa kule wakawajibu kwa heshima kwamba amri ni amri. Alitupigia simu akiwa ndani ya gari.

"Dada, nauona mto," alisema.

"Mimi niko hapa nyumbani," mama alisema. "Maharage yameiva. Nimekuwekea na ndizi."

"Zina mawese?"

"Zina mawese mengi, ulivyokuwa unapenda."

Hawakuendelea sana. Binti yake alichukua simu akasema mama amechoka, wanamrudisha. Nyuma nilisikia mtu anahema. Chakula kile tulikula sisi na majirani, mama hakugusa.

Tungeweza kuondoka siku hiyo, tuzunguke kwa kupitia Tanzania. Nilimwambia mama hivyo. Lakini redio za kule zilikuwa zinatangaza kwamba mawaziri wa Jumuiya wanakutana wiki inayofuata, na kila mtu kilimani aliamini mpaka utafunguliwa. Watu wana ndugu ng'ambo, wana mashamba, wana wateja wa nyanya. Mama mdogo naye kwenye simu alikuwa anasisitiza, "Msije nyie. Nitakuja mimi. Subirini wakutane tu." Nilijaribu mara moja tena, mama akanikatiza: "Mwache mdogo wangu atimize lake."

Tukasubiri. Sijawahi kuona watu wanaosikiliza habari kama wale. Binamu alikuwa anatundika redio kwenye mlango, na wanaume walioacha majembe walikaa chini kimya. Mimi nakaa upande wa pili wa hiyo kazi, kwenye chumba chenye godoro ukutani la kuzuia kelele, sijawahi kufikiria kwamba kuna mtu ananisikiliza kwa namna ile, kila neno, akingoja lije la kwake.

Siku ilifika, taarifa ikasomwa. Mawaziri wamesisitiza umuhimu wa kuratibu sera za mambo ya nje. Wamezihimiza nchi wanachama kumaliza tofauti kwa mazungumzo. Watakutana tena. Halafu ikaja habari ya mpira. Mpaka haukutajwa kabisa. Mzee mmoja aliuliza, "Imeisha?" na binamu akazima redio. Walianza kuondoka mmoja mmoja.

Mama alisema, "Funga mizigo."

Kutoka pale kwenda kwa mama mdogo ulikuwa ni mto tu. Sisi tulirudi mashariki, tukatoka Burundi kwa mpaka wa Kobero, tukaingia tena Tanzania, tukalala Ngara, ili kesho yake tuingie Rwanda kwa Rusumo. Asubuhi nilirudisha laini yangu ya Tanzania kwenye simu, na ujumbe ukaingia wa yule binti. Mama yake amefariki alfajiri. Alikuwa amepelekwa kwenye mashine jana yake, moyo ukachoka.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la stendi anakunywa chai. Nilimshika bega tu, akaelewa kabla sijasema. Alimaliza kwanza ile chai. "Wamwambie asizikwe," alisema. "Wanisubiri."

Pale Rusumo nchi mbili zimewekwa kwenye jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka dirisha hili na wa kuingia dirisha lile. Kijana wa uhamiaji aliangalia hati ya mama, akasema kwa Kiswahili kizuri, "Karibu sana, bibi, huku ni kwenu, sisi ni Jumuiya moja." Hakuwa na kosa, na alimwinamia kwa heshima kabisa. Mama aliitikia asante. Tulivuka daraja, na mimi nililia pale darajani kuliko nilivyolia msibani, kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Walitusubiri. Tulifika jioni, kabla jua halijazama, nyumba imejaa watu, na binti wa mama mdogo alimshika mama mkono akampeleka ndani kwenye jeneza. Nilikuwa nyuma yake. Waliweka taa karibu kwa ajili ya macho yake. Mama aliinama sana, kama anavyoinamia simu. Alimpapasa paji la uso, mashavu, yalikuwa yamevimba kwa ugonjwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Wanawake waliokuwa wanaimba walinyamaza, wakimngoja alie.

Alinigeukia akasema kwa Kiswahili, nadhani ili wao wasielewe, "Huyu simjui."

"Ni yeye, mama."

"Namtafuta mtoto. Huyu ni bibi kizee. Sauti naijua, uso siujui." Halafu akauliza, "Sasa nifanyeje?"

Alisimama pale akimshika mkono mtu ambaye hakuweza kumtambua, na kesho yake tulimzika.

Tulirudi kwa kupitia Kahama na Tabora. Basi lilisimama Inyonga, wauza asali wakaja madirishani, mama akageuza uso.

Nimerudi kazini. Habari za mawaziri bado zinakuja kwenye meza yangu, na ninazisoma kwa sababu ndiyo kazi iliyopo. Siku moja niliomba mwenzangu anisaidie kusoma moja, nikasema nina mafua. Aliisoma vizuri, pengine kuliko mimi. Mpaka ule bado umefungwa ninapoandika haya. Binamu ananiambia nyanya zinaoza kilimani, na vijana wanaovuka mto kwa kificho wengine hawarudi.

Mama yuko Katumba. Anakula, anasali, anapalilia kidogo nyuma ya nyumba. Binti wa mama mdogo alipiga simu akasema angependa kuja kutuona huku, amjue mama yake mkubwa vizuri. Nilidhani mama atafurahi. Alisema, "Mwambie asijisumbue." Nilimbembeleza, kaka yangu naye akambembeleza, akakasirika akatutoa nje.

Jumapili moja baada ya ibada alituita wote watoto wake, akatukalisha kwenye mkeka. Tulijiandaa kusikia habari ya kugawa mashamba. Yeye alituonyesha kwa kidole upande wa makaburi ya Katumba, ng'ambo ya bani la zamani, walipozikwa baba na wale wazee waliofyeka pori.

"Nikifa mnilaze hapo," alisema. "Hapo hapo. Msimwambie mtu yeyote wa mbali kwamba aje."

Kaka yangu alisema, "Mama, watu watataka kuja."

"Watafika wakati nimeshakuwa mtu mwingine," alisema, akanyanyuka kwa kujishikilia ukutani, akaingia ndani.