Siku Tuliyovaa Kitenge cha Arusi Kazini

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kule Koekelberg, ughaibuni, katika nyumba ya wazee nilikofanya kazi ya kuwaogesha na kuwavisha wasiojiweza. Zamani tulimwinua mzee wawili wawili. Kisha madame, mkubwa wa kazi, akaamuru kila mmoja ainue peke yake, na migongo ikaanza kulalamika kabla ya midomo.

Sisi akina mama wa Kivu tulilelewa kuficha maumivu, na mkimbizi naye hapendi kuonekana msumbufu. Basi kila mmoja alimwendea madame kimyakimya. Nami nilikwenda. Akanijibu kwa upole kwamba wenzangu hawalalamiki, ni mimi tu. Nikatoka na aibu yangu, nikaendelea kuinua peke yangu.

Asubuhi hiyo Maman Zawadi, aliyetuzidi sote umri, alishindwa kuinama afunge viatu. Nikapiga magoti, nikamfungia. Akaropoka mbele ya wenzetu kwamba na yeye aliambiwa ni yeye tu. Tukatazamana. Kumbe sote! Hapo akatukaripia:

"Bon, kwa ndoa na kwa kilio tunavalaka kitenge moya. Alors, kwa kazi kila muntu na yake? Siku moya tutaangusha muzee wa watu, na ni sisi watafukuza!"

Kesho yake sote tulifika na kitenge tulichovaa kwenye arusi ya binti wa Maman Zawadi, tumekifunga juu ya sare. Niliogopa, sikufichi; kibali changu cha kuishi kilitegemea kazi ile. Madame akauliza nani analalamika.

"Ni mimi tu," akasema Maman Zawadi.

"Ni mimi tu," nikasema.

Ikaenda hivyo hadi kwa aliyesimama mlangoni. Kisha tukaenda kuogesha wazee, wawili wawili, bila kungoja ruhusa. Amri ile haikutajwa tena.

Lakini mgongo wa Maman Zawadi haukupona. Tulikuwa tumechelewa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wafanyakazi hawaungani kwa kupenda kelele, mwanangu. Huungana kwa sababu aliye peke yake huambiwa kwamba ni yeye tu, naye akaamini. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo ukiumia kazini, muulize wa kando yako kama naye anaumia, na umuulize mapema, angali anaweza kufunga viatu vyake mwenyewe.

Mungu akupe wenzako wa kuinua nao, na uzee ukukute umesimama wima.