Kiko Kilichong'arishwa kwa Hasira

Mtaani walimwita Bwana Kiko, na asiyemjua angedhani anavuta tumbaku kutwa kucha. Hakuwahi kuvuta hata siku moja, maana moshi humpalia. Maisha yake yote alikuwa seremala wa milango na madirisha, na alipostaafu, mikono yake ikakataa kustaafu naye. Ndipo akaanza kutafuta viko vikuukuu kwenye mitumba, vile vinavyotupwa chini ya rundo la vijiko na miwani iliyovunjika, akavirudishia sura yake kwenye meza aliyoiweka dirishani. Mkewe alizoea kusema kwamba nyumba inanuka midomo ya watu wasiojulikana. Naye humjibu kwamba midomo hiyo angalau haigombani naye.

Lakini kiko kimoja hakikuwa cha mtu asiyejulikana, na hicho ndicho kilichompandisha mori.

Kilikuwa cha marehemu kaka yake. Kaka mtu alikivuta tangu ujana, akikiuma upande wa kushoto kwa sababu wa kulia haukuwa na magego, hata mdomo wa kiko, uliokuwa wa mpira mgumu mweusi, ukachimbika shimo la jino. Ukingo wa juu nao uliungua upande mmoja, maana alipenda kuinamisha kiberiti. Msiba ulipokwisha, mjane alikiulizia kiko hicho kabla ya kitu kingine chochote. Nguo hakuzitaka, saa hakuitaka. Mwanawe wa pekee, kijana mwenye pikipiki na maneno matamu, akamwambia kimepotea katika pilikapilika za wageni. Kisha akaongeza, macho kayapeleka pembeni, kwamba wapenzi wa viko katika ukoo huu wanajulikana.

Neno hilo halikurudiwa, wala halikuhitaji kurudiwa. Tangu hapo, Bwana Kiko akienda kumjulia hali shemeji yake, alipewa kiti cha nje mlangoni, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Hebu fikiria. Mtu amemzika ndugu yake wa tumbo moja, mvi zimemjaa kichwani, halafu aonekane kibaka aliyepapasa mifuko ya marehemu. Na hawezi hata kujitetea, kwa kuwa hakuna aliyemshtaki waziwazi. Roho ilimuuma, akakosa usingizi, akakonda.

Basi asubuhi moja, sokoni, akakiona. Kilikuwa juu ya turubai, katikati ya kufuli zisizo na funguo na redio isiyo na betri. Hakuhitaji kukitazama mara mbili. Alitia ukucha kwenye lile shimo la jino, ukaingia barabara.

"Hiki umekipata wapi?" akamuuliza muuzaji.

"Kuna kijana mmoja wa pikipiki aliniletea boksi zima, mzee wangu. Vitu vya marehemu baba yake. Alisema vinamjazia chumba."

Vinamjazia chumba! Kiko kinachoenea kiganjani kimjazie mtu chumba. Bwana Kiko alilipa bila kupatana bei, jambo ambalo muuzaji alilishangaa, akaondoka akiongea peke yake njia nzima.

Mkewe alipokisikia kisa, alisema neno moja la maana. "Sasa si uende nacho kwa shemeji yako, saa hii hii?"

"Niende nacho hivi?" akafoka. "Kimejaa masizi, kimetapakaa vumbi la sokoni? Kaka yangu arudi nyumbani kwake mchafu? Yule mtoto ndiye aliyemtupa jalalani. Mimi nitamrudisha amenyooka."

Akakaa mezani. Alikwangua ukoko wa masizi mpaka mti wa ndani ukaonekana. Akakijaza chumvi ndani, akaidondoshea spiriti, akaiacha ifyonze harufu ya miaka yote. Mdomo wa mpira aliupitisha juu ya moto mdogo, na mpira huo una tabia ya kukumbuka umbo lake la zamani: ukipata joto, uliobonyea huinuka wenyewe. Shimo la jino likajaa, likawa sawasawa. Ukingo ulioungua akaupiga msasa. Na muda wote huo alikuwa akipanga maneno. Alikuwa ampe yule kijana vidonge vyake, tena avimeze kimoja kimoja bila maji. Kila neno jipya lilipomjia, mkono uliongeza kasi.

"Unasugua kiko au unamsugua mtoto wa watu?" mkewe akamuuliza akipita na beseni la nguo.

Alipaka nta, akafuta kwa kitambaa cha sufu, kiko kikang'aa hata ungeweza kujitazamia. Kazi safi kuliko hiyo hakuwahi kuifanya maishani mwake.

Kesho yake akavaa shati la kunyooshwa, akaenda. Safari hii hakungoja kiti cha nje, aliingia moja kwa moja hadi sebuleni. Shemeji yake alikuwepo, na kijana naye alikuwepo, amejinyoosha kwenye kochi la baba yake.

"Shikamoo, baba mdogo," kijana akasema, akijiinua kidogo.

"Marahaba," akaitikia kwa ncha ya ulimi. Akakiweka kiko mkononi mwa shemeji yake. "Hiki hapa cha mumeo. Nimekinunua kwenye mitumba. Na aliyekiuza umemzaa mwenyewe, huyo hapo."

Kijana hakupepesa macho. Wapo watu wakavu wa macho, lakini huyu alizidi. Akamwachia mama yake nafasi.

Mama alikigeuza kiko. Alikipima uzito kiganjani, akapitisha kidole kwenye mistari ya mti. "Ndicho," akasema taratibu, na machozi yakamlengalenga. Kisha akakipeleka puani. Akakinusa mara ya pili. Akapapasa mdomo wa kiko kwa kidole gumba, akitafuta, akirudia palepale upande wa kushoto. Akaangalia ukingo.

"Jino lake liko wapi?" akauliza.

"Nimekisafisha, shemeji. Nilitaka kirudi kwa heshima."

"Umefuta jino lake. Umefuta alipoungua. Hata harufu yake umeitoa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Shemeji, mtu anayerudisha kitu cha mwenzake hafuti alama zake. Anayezifuta ni yule aliyepanga kukaa nacho."

Bwana Kiko akafungua mdomo. Yale maneno yote aliyoyapanga mezani yalimtoroka. "Twendeni sokoni sasa hivi, muulizeni muuzaji," akasema, naye mwenyewe akajisikia anavyosikika, kama mwizi aliyebanwa.

"Muuzaji atasema unalotaka, wewe ni mteja wake wa kila siku," shemeji akajibu. Akakifunga kiko ndani ya kitambaa chake cha mkononi, akapumua. "Lakini umekirudisha. Dhamiri imekusuta, ukakirudisha. Tusilikuze jambo. Marehemu alikupenda, na mimi nimekusamehe."

Alimsamehe mbele ya mwizi, na mwizi akaitikia kwa kichwa, kwamba mama kasema vizuri.

"Mletee baba yako mdogo chai," mama akamwagiza.

Kijana akaileta, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Bwana Kiko aliipokea, akainywa yote, kwa sababu kuikataa nako kungehesabiwa kuwa ni kukiri.