Mwaka Kenya Walipofika Nusu Fainali

Gongo la kriketi la mjomba wangu Shomari lilinuka sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi hupaka mbao za vyombo zisiliwe na wadudu wa baharini. Alikuja nalo kutoka Dar es Salaam, ambako kwa miaka kumi na minane alikata nyasi na kusukuma rola la chuma la kusawazishia ardhi kwenye uwanja wa klabu moja ya Wahindi. Huko gongo lilikuwa na mafuta yake maalumu ya kwenye kopo. Kwetu Utende, kijijini kisiwani, hayakuwapo, kwa hiyo mjomba alilipaka sifa, na kila aliyelishika alirudi kwao akinuka papa mikononi. Mama hakuturuhusu kugusa sahani mpaka tujisugue kwa majivu na sabuni. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Kaka yangu Athumani alikuwa na kumi na saba, na harufu ile ilikuwa imemkolea kiasi kwamba akipita nyuma yangu nilimtambua bila kugeuka.

Tulicheza maji yalipokupwa, kwenye mchanga mgumu ulio mbele ya mikoko. Mjomba alichomeka vijiti vitatu akatufundisha yaliyo ya lazima: mmoja anarusha mpira ili aviangushe vijiti, mwenzake anavilinda kwa gongo, na akiupiga mpira ukaenda mbali anakimbia kwenda na kurudi akikusanya mikimbio. Mirusho sita ni ova moja. Mpira wa kweli, wa ngozi, ulikuwa mmoja tu, tukautunza kwa ajili ya Ijumaa baada ya sala. Siku nyingine tulitumia mipira ya tenisi iliyoachwa na wageni wa hoteli. Athumani alirusha kwa mkono wa kushoto. Alianza mbio mbali, miguu mitupu, na mkono ulipopita juu ya sikio lake mpira ulitua pale alipopataka yeye. Mjomba aliweka ganda la chaza mchangani, na katika mirusho sita Athumani alilipiga mara nne. Siku ile mjomba alikuja nyumbani kumwambia mama kwamba miaka yote aliyotazama watu wakicheza hajaona mkono kama huo. Mama alikuwa anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Alisema mkono huo ungemsaidia zaidi kama ungekuwa unafunga mwani, lakini alitabasamu. Baba alikuwa ameoa Kilwa na kwetu alifika kwa nadra, na mama hakuwa na mengi ya kumfanya atabasamu.

Mjomba alikuwa mtunza bustani wa hoteli, na alasiri, akimaliza kumwagilia, alitusimulia historia ya mashindano makubwa ya kriketi, yale ya mataifa, ambayo kila mchezo wake huanza na kumalizika ndani ya siku moja. Kabla ya hapo, alisema, mataifa yalicheza mchezo mmoja kwa siku tano, na watu walichoka. Mashindano ya kwanza yalifanyika Uingereza, wachezaji wote wakiwa wamevaa nyeupe, kila upande ukipewa ova sitini. Na Afrika Mashariki ilikuwepo. Alilisema hilo kila mara kana kwamba tungelikataa. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliunda timu moja, wakacheza mara tatu, wakafungwa mara tatu, wakarudi makwao. Kombe lile la kwanza na lile la pili lilichukuliwa na watu wa visiwa vya Karibi, na mjomba alituambia tukumbuke kwamba hao nao ni watu wa visiwani kama sisi. Kisha India wakalichukua bila mtu yeyote kuwatazamia, ova zikapunguzwa kuwa hamsini, mavazi yakawa ya rangi, mpira ukawa mweupe ili uonekane chini ya taa, na Sri Lanka, kisiwa kingine, nao wakashinda. Athumani alisikiliza akiwa amechuchumaa, akiugeuzageuza mpira vidoleni, akiuliza habari za warushaji tu.

Mwaka ninaouzungumzia, mashindano hayo yalikuja Afrika Kusini, na michezo michache ikachezwa Zimbabwe na Kenya. Mwenye hoteli yetu alikuwa mpenzi wa kriketi, na aliwawekea wafanyakazi televisheni kwenye banda lao la chakula. Ruhusa ya kuingia hatukuwa nayo, lakini banda halikuwa na ukuta upande wa jikoni, na wapishi walituvumilia. Ndipo tulipoona Kenya wakiwafunga Sri Lanka, tena Nairobi, kwa watu wao. Kenya wakaendelea kushinda mpaka wakafika nusu fainali, mahali ambapo hakuna aliyefikiri wangefika. Mjomba alilia mbele ya wapishi na hakuona haya. Mapema zaidi, wiki ile Sri Lanka walipofungwa, alikuwa amemwambia Athumani kwamba amemwandikia barua mkufunzi mmoja wa klabu ya Dar es Salaam, kwamba mashindano yakiisha mkufunzi huyo atakuja kumtazama, na kwamba atafute viatu, kwa sababu kule hawamruhusu mtu kurusha miguu mitupu.

Viatu ndivyo vilivyompeleka dago. Msimu ule wavuvi kutoka wilaya za bara walikuwa wamepiga kambi hiyo ufukweni, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kwetu, na mkuu wao, mtu mrefu mpole aitwaye Dadi, alikuwa na kawaida ya kupita akitutazama tukicheza. Hakuuliza chochote kuhusu kriketi. Alimtazama Athumani akirusha, kisha akaenda kupima kwa hatua umbali ambao mpira ulikuwa umefika. Siku chache baadaye Athumani aliniita nyuma ya banda la kuku akaniambia ameanza kwenda baharini na watu wa Dadi.

"Kuvua kwa nini?" nilimuuliza, maana hakupenda kuvua.

"Mimi sivui. Narusha tu," alisema. "Usimwambie mama."

Nilielewa. Mtoto yeyote wa Utende angeelewa. Tulikuwa tukiusikia mlio wa baruti kutoka kwenye miamba ya nje, mlio mzito kama mlango uliofungwa kwa hasira, na tuliwajua watu waliowanunua samaki wale, maana wengine walikuwa majirani zetu. Baruti hutiwa kwenye chupa yenye utambi. Anayerusha huwasha, husubiri kidogo ili ilipuke mahali kundi la samaki lilipo, kisha huirusha mbali na chombo. Kinachotakiwa ni mkono wenye nguvu na shabaha. Kaka yangu alikuwa nao, na sisi wote tulikuwa tumeusifu hadharani.

Kwa wiki tatu mama aliniuliza aliko Athumani, na kwa wiki tatu nilimjibu kwamba yuko kwa mjomba anafanya mazoezi. Sikuona uzito wowote. Nilijiona mtu mzima, mwenye siri ya kutunza, na niliwaza viatu, ambavyo Athumani alikuwa amenieleza rangi yake.

Siku ya nusu fainali, Kenya dhidi ya India, nilitoka shule nikaenda moja kwa moja bandani. Mchezo ulikuwa uanze alasiri na mjomba alikuwa tayari amekaa mbele ya televisheni, amevaa shati lake la kwendea msikitini. Aliniuliza kaka yako yuko wapi. Nikasema anakuja. Ilikuwa yapata saa nane tuliposikia kelele ufukweni. Boti ya Dadi ilikuwa imefika kwenye maji ya magotini, na wanaume wawili walikuwa wanamshusha mtu aliyefungwa kwenye turubai la tanga. Walimlaza mchangani, wakarudi kwenye boti, wakawasha mashine. Dadi mwenyewe hakushuka. Tangu siku hiyo hatukumwona tena, na kesho yake pale dago palibaki majivu na mifupa ya samaki.

Mjomba alifungua turubai, akalifunga tena haraka ili nisione, lakini nilikuwa nimeshaona. Mkono wa kushoto, kuanzia chini ya kiwiko, haukuwepo. Walikuwa wameufunga kwa kamba ya nyavu. Athumani alikuwa na fahamu, na alikuwa akirudia neno moja, "fupi, fupi". Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa akisema juu ya utambi.

Walimpeleka hospitali ya Kilindoni kwa gari la hoteli, na mimi na mjomba tulipanda nyuma. Mama alifika kwa pikipiki, nguo zikiwa bado zina chumvi ya shamba la mwani. Madaktari walifanya kazi yao mpaka karibu na magharibi, na walipotoka walisema ataishi, ila wameukata mkono juu ya kiwiko. Mama aliingia, akatoka, akaja kusimama mbele yangu ukumbini.

"Zuhura, ulijua?"

Nilimwambia nilijua.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu, mama."

Nilingoja anipige, na nilitamani anipige. Akavua kanga ya juu, akanipa. "Nenda kaifue hii, imeingia damu," alisema. "Kisha uniletee."

Nilikwenda bombani nyuma ya hospitali na nikamkuta mjomba huko, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Niliona ni wajibu wangu kumkumbusha lililobaki. Nikamwambia amwandikie yule mkufunzi wa Dar es Salaam kwamba asije tena.

"Hakuna mtu wa kuja," mjomba alisema. "Sikuandika barua yoyote. Niliogopa nikiandika watanijibu hapana."

Sikuwahi kumwambia mama maneno hayo, wala Athumani. Mjomba aliacha kazi ya bustani kabla mvua za masika hazijaanza akahamia Baleni kulima mihogo, na sijui gongo lilikwenda wapi. Nyumbani kriketi haikutajwa tena. Si kwamba tulikubaliana. Kila mmoja alifikiri anamlinda mwenzake.

Miaka zaidi ya ishirini imepita. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa hapa kisiwani. Mlio wa baruti sijausikia siku nyingi, ingawa wapiga mbizi husema miamba ile ya nje bado ni vifusi. Wanafunzi wangu wana viatu, wana simu, na wakitaka kuona mchezo wowote duniani hawahitaji huruma ya mpishi. Mashindano yamekuja na kupita mara kadhaa, na sasa yanatazamiwa kurudi kusini mwa Afrika. Katika miaka hii mingi Kenya hawakufika tena pale walipofika. Athumani ana mke na watoto watatu, na anafua nazi kwa mkono mmoja haraka kuliko wengi wenye miwili. Mwaka jana, tukiwa tumekaa kwake, mikono yangu ikichagua mchele, aliniuliza ghafla, "Siku ile Kenya walishinda?"

Nilishangaa kwamba hakuwahi kujua. Kisha nikaona kwamba kutojua kulikuwa ni kazi aliyoifanya kwa bidii miaka yote hiyo. Nilimwambia walifungwa, kwa mikimbio tisini na moja.

"Mingi," alisema. Akachukua nazi nyingine.

Mama alifariki bila kuniuliza tena habari za zile wiki tatu. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu, nimejiandaa tangu utotoni, na hadi leo sijui kama ukimya wake ulikuwa msamaha au kitu kingine. Nina binti wa miaka kumi. Nikimuuliza alipo kaka yake, ananijibu upesi na bila wasiwasi, jinsi mtoto mkweli anavyojibu, na mimi naacha ninachokifanya, navaa viatu, naenda kutazama mwenyewe.