Jiko la Mama Asiyeona

Kwenye karakana ya seremala hapa Endagikot nilimkuta mwanamke akiagiza rafu za jiko. Wanakarabati nyumba ya zamani ya mama mkwe wake, ambaye sasa haoni, na alitaka kila rafu ikae palepale ilipokuwa.

Fundi alishusha futi hadi gotini.

"Rafu ya chumvi huku chini kote, dada? Utaumia mgongo."

"Nitainama, fundi."

"Si umpe tu hiyo chumvi mkononi?"

Mwanamke akapapasa ubao taratibu. "Siku atakayoniomba chumvi jikoni kwake, atajiona mgeni."

Fundi akachora alama ya penseli, gotini.

Majiko mengi siku hizi hupambwa ili wageni wayaone. Hili mwenyewe hataliona, na ndilo ninalolionea wivu.