Kiganja cha Mnarani

Mama Futi hakuwahi kuamini neno asilolipima. Miaka thelathini alishona sare za shule, futi ya kupimia ikining'inia shingoni hata akienda sokoni, na mzazi aliyeapa kwamba mwanawe hajanenepa alizungushiwa mtoto huyo futi mbele ya watu, yakaisha. Asubuhi hiyo alikuwa akipanda kilima, viatu vikimbana, ili ampime mumewe pia.

Maana huyo bwana, fundi plasta mstaafu, alikuwa na hadithi moja tu maishani. Eti mnara wa walinzi wa zamani ulipokarabatiwa, plasta ya juu aliipiga yeye, akaacha kiganja chake ukutani kabla haijakauka. Wapangaji, wakwe, hata msoma mita, wote walishasimuliwa. Mama Futi aliinywa hadithi hiyo na chai mpaka akakinai. Jana akamwambia: twende, na kama kiganja hakipo, mnara usitajwe tena nyumbani kwangu. Mzee akakubali.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini hii ilimlia dakika arobaini. Ngazi za mawe alisema zimechongwa na mlevi. Waliojipiga picha aliwasonya: bahari wameipa mgongo, halafu wanaitafuta kwenye simu. Kileleni bahari ilitanda pande tatu, na alipokosa cha kukosoa akalalamikia upepo.

Ndani ya mnara, mwongoza wageni mwenye kofia pana alikuwa amekusanya watu mbele ya ukuta. Kiganja kilikuwepo. Ni cha mlinzi wa miaka mia tatu iliyopita, aliwaeleza, aliyekatwa nusu ya kidole na panga la adui, akala kiapo kwa mkono huohuo. Watu wakaguna kwa heshima.

Mama Futi akamgeukia mumewe. Mzee alikuwa ameinamia viatu vyake, mkono wa kulia mfukoni, ule ambao kidole chake cha shahada kiliishia katikati tangu kilipopitiwa na msumeno. Lo! Nyumbani mdomo haufungiki, hapa kameza ulimi. Hasira zikampanda, na aibu pia: miaka yote hiyo alimwita mzee mwongo, kumbe mwongo mwenyewe yuko huku juu, na kofia kavaa.

Akavua futi shingoni. Akapima kiganja cha ukutani. Akautoa mkono wa mumewe mfukoni, akaupima nao, kidole kwa kidole, mpaka kile kifupi. Havikupishana hata kwa upana wa uzi.

"Mama, historia haiguswi," mwongoza wageni akasema.

"Huyu mlinzi wako," Mama Futi akamjibu, "mashati yake nafua mimi."

Wakateremka. Kuomba radhi hakukujua, hakuwa na mazoea nako. Walipofika chini alimwambia tu mzee kwamba Jumapili wakwe wanakuja, awasimulie tena, na asiruke kitu.