Mama Chogo: Kioo kwanza, kadi baadaye

Saa tatu kasorobo asubuhi, Mama Chogo ananusa kadi ya michoro kama mtu anayenunua samaki. Anaigeuza, anazungusha feni zake kwa ncha ya kidole, kisha ananusa tena. Muuzaji aliyeileta anatazama dari.

"Hii imeungua, mwanangu," anamwambia. "Umeifuta vizuri mpaka inang'aa, lakini harufu haifutiki."

Muuzaji anaichukua kadi yake na kuondoka bila ubishi.

Kwa asiyejua mambo haya, kadi ya michoro ndiyo huchora kila unachokiona ukicheza gemu kwenye kompyuta: mpira, gari, adui anayekuvizia nyuma ya ukuta. Kioo, au monita, kazi yake ni kuonyesha kilichochorwa. Mama Chogo, mwenye miaka hamsini na mitatu, huwachagulia watu vyote viwili katika duka la hatua nne kwa tano. Wiki nzuri huunda kompyuta mbili. Wiki mbaya hupangusa vumbi la kompyuta za wenzake na kunywa chai.

Ana sharti moja: hauzi kadi kabla hajajua kioo.

Anaingia kinyozi wa jirani, mashine ya kunyolea bado ipo mfukoni. "Dada, leo nipe ile kubwa kuliko zote."

"Kubwa ya nini? Unataka kuikalia?"

"Ya kuchezea gemu, dada."

"Kioo chako kikoje?"

"Kipo."

"Nimeuliza kikoje, sijauliza kama kipo."

Kinyozi anakiri kwamba ni kile cha ofisini kwa mjomba wake, walichokuwa wanakitupa. Mama Chogo anacheka mpaka anashika meza.

"Kadi hiyo ni pipa la maji, na kioo chako ni tundu la sindano. Ikichora picha mia kwa sekunde, hicho kitakuonyesha sitini, nyingine zinapotea bure. Chukua kadi ya kati, pesa inayobaki nunua kioo cha maana."

"Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima."

"Hao hawakuwahi kununua kadi."

Jina la Mama Chogo lilitokana na televisheni mbili za zamani, zile zenye chogo nyuma, alizokuwa nazo yeye na kaka yake katika kibanda cha gemu. Walikiendesha kwa miaka kumi na mmoja. Sarafu moja, mechi moja. Aliyefungwa anampisha aliye kwenye benchi.

"Ile ya kushoto ilipoteza rangi zote ikabaki kijani," anasimulia. "Timu mbili, zote kijani, uwanja kijani, refa kijani. Kaka akawaambia wateja hiyo ni ya mabingwa, wamjue mtu kwa anavyokimbia. Wakaigombania. Ile nzima ikawa inakaa bure."

Kaka ndiye aliyekuwa akiipiga kofi ubavuni picha ikikatika. Mama Chogo, mdogo wake, alikaa mlangoni na saa ya mezani, akiwatoa wasiotaka kutoka.

"Joto la mle ndani, miguu ya watu, kelele za kubishana. Sasa kila mtu anacheza chumbani kwake na masikio ameyaziba. Vioo vimekuwa vyembamba, na benchi limekufa."

Anasimulia akitabasamu, ila akifika kwa kaka yake sauti inashuka. Hawajasemezana kwa miaka minne, isipokuwa misibani.

Kaka alipostaafu kiwandani alitaka kompyuta ya gemu. Mama Chogo akaiunda, akambebea mpaka kwake, akaiweka kwenye meza iliyobana ukutani. Alipapasa nyuma kwa mkono, akachomeka waya wa kioo, picha ikatokea. Lakini gemu likawa linatambaa.

"Akaniambia nimemuuzia kadi iliyokufa. Nikamwambia iliyokufa ni mikono yake, amezeeka. Wageni walikuwepo. Akasema mbele yao kwamba tangu nifungue duka nimesahau nani ndugu na nani mteja."

Jumanne wiki hii wifi yake alimtumia picha ya mgongo wa ile kompyuta. Mumewe anataka kuiuza Jumamosi. Je, anaweza kuitafutia mnunuzi?

Mama Chogo anaifungua picha kwenye simu. Waya wa kioo umechomekwa kwenye tundu la juu, la kompyuta yenyewe, ambayo bila kadi huchora kwa kujikongoja. Matundu ya kadi, chini yake, bado yana vifuniko vya plastiki vya kiwandani. Kadi haijawahi kuchora chochote.

"Kosa hili nimewacheka watu mia," anasema. "Nililifanya mimi."

Kinyozi, ambaye hajaombwa ushauri, anautoa. "Mwambie wifi ahamishe waya kimyakimya. Gemu litakimbia, hatauza, yaishe."

"Yataisha kwake. Mimi nitabaki na maneno niliyomwambia."

Anapiga simu. Anamwambia wifi yake kwamba kompyuta isiuzwe, anakuja Ijumaa, na kosa ni lake.

"Kosa gani?" inauliza sauti ya mwanamume.

Mama Chogo anakaa juu ya boksi.

"La waya, kaka. Niliuchomeka mimi, pasipo pake. Kadi yako haikuwa na kasoro, wala mikono yako. Nisamehe."

Kinyozi anajifanya anasoma maandishi ya boksi, nalo amelishika juu chini.

"Ulinambia nimezeeka," sauti inasema.

"Nilisema, kaka."

"Basi njoo uuchomoe mwenyewe. Mgongo wangu hauinami tena huko nyuma ya meza."

Ijumaa duka litafungwa saa sita. Mama Chogo amesimama mbele ya rafu, anawasha kioo kimoja baada ya kingine, anarudi nyuma hatua mbili na kufumba jicho moja.

"Ana miaka sitini na miwili sasa. Anahitaji kipana, kisichomchoma macho, maandishi ayaone akiwa ameegemea."

"Na kadi?" anauliza kinyozi.

"Kadi anayo. Ina miaka minne na haijafanya kazi hata siku moja."