Mshenga wa Kitabu cha Jaffar

Jaffar wa Wete, ambaye siku hizi ni Jaffar wa Croydon, London, alipoandika neno la mwisho la riwaya yake alijua kwamba kazi ngumu imekwisha. Tumsamehe. Kila anayeandika kwa mara ya kwanza hujua hivyo.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, habari za ndugu wawili waliogombea shamba la mikarafuu, na aliiandika ndani ya tramu, asubuhi na jioni, akienda na kurudi ofisi ya nyumba za kupangisha alikokuwa karani. Mkewe, Zainab, alisomewa yote, akalia palipotakiwa kulia, na pengine hata pasipotakiwa. Lakini mke ni mke. Jaffar alitaka mtu baki, asiyekula naye sahani moja, aisome mpaka mwisho. Hilo tu ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi.

Basi akaambiwa kwamba London mwandishi haendi mwenyewe kwa mchapishaji. Hutafuta wakala, na wakala ndiye humwendea mchapishaji kumsemea. Jaffar alifurahi mno. Kumbe Waingereza nao wana washenga! Kwa mambo hayo alikuwa bingwa. Kishawahi kutumwa kuposa na hakuwahi kurudi mikono mitupu.

Wenzake wa kikundi cha waandishi pale maktaba walituma kazi zao kwa mawakala kumi kwa mkupuo. Jaffar aliona huo ni utovu wa adabu, mtu haposi nyumba kumi siku moja. Akachagua mmoja, jina lake Jules, mwenye uso wa upole pichani, akampelekea kile mawakala wanachotaka: sura tatu za mwanzo na barua. Barua ilianza kwa kuulizia afya ya Jules na ya wazee wake. Ikaendelea kusema kwamba hicho ni kijitabu tu, kina kasoro nyingi, na mwenyewe anaona haya kukileta. Maana kizuri chajiuza. Kibaya ndicho hujitembeza.

Ikawa kimya. Ukapita mwezi, ukapita wa pili, na wa tatu ukaisha.

Mwingine angekata tamaa. Jaffar alizidi kunawiri. Kwao msichana akiulizwa kama ameridhia, akainama asiseme neno, wazee hushusha pumzi wakaomba dua: jibu limepatikana. Kama Jules hataki, si angesema? Akaanza kuwadokeza watu msikitini, nao wakampa mkono wa heri.

Binti yao Afnan, aliyezaliwa hapa hapa na anayejibu Kiswahili kwa Kiingereza, ndiye aliyefungua tovuti ya wakala akamsomea babake mstari wa chini kabisa: usiposikia kitu kwa miezi mitatu, ujue tumekataa.

"Hiyo ni kwa wengine," akasema Jaffar. "Mtu mstaarabu hakatai kwa kunyamaza."

Zainab hakubishana naye. Alisema kama posa imekubaliwa, haifai kukaa kitako bila kwenda kushukuru; na kama imekataliwa, afadhali mtu asikie kwa masikio yake. Basi wakavaa, Jaffar kanzu na koti, Zainab baibui lake jipya na kikapu cha halua mkononi, wakapanda treni mpaka ofisini kwa Jules, mjini.

Pale mapokezi waliulizwa kama wana miadi. Zainab akajibu kwamba wameleta salamu, akakifunua kikapu. Harufu ya iliki ilifanya kazi ambayo barua haikuiweza: milango ikafunguka, watu wakatoka, na Jules akiwamo.

Jules alikuwa mpole kama pichani. Akawakalisha, akasema kazi ya Jaffar aliipenda sana, sana kabisa, ila hakuipenda kiasi cha kuichukua. Jaffar, aliyekuwa akiitikia kwa kichwa, akaacha kuitikia.

"Hasa yule mbwa," Jules akaongeza, kwa nia njema. "Yule mbwa amenigusa."

Hakukuwa na mbwa kitabuni. Jaffar akatazama viatu vyake. Zainab akamtazama Jaffar.

Jules akatia kijiko kwenye halua. Akatia tena. Kisha akamgeukia Zainab, akamuuliza kama amewahi kufikiria kuandika kitabu cha mapishi, maana wachapishaji wanavitafuta usiku na mchana, na yeye angekichukua hata leo.

Zainab alitoa bunda la karatasi chini ya kikapu, riwaya nzima, akaliweka juu ya meza.

"Kwetu mdogo haolewi mbele ya mkubwa wake," akamwambia. "Mkubwa ni huyu. Msome mpaka mwisho, kisha njoo tuzungumze mapishi."

Jules akacheka, akaona anayecheka ni peke yake. Akalivuta lile bunda, akaahidi kulisoma lote.

Kwenye treni Jaffar hakujua aone fahari au aone haya. Kitabu chake kitasomwa na mtu baki, ndiyo, lakini kimepitia mlango wa jikoni. Wakapita vituo kadhaa ndipo akakumbuka kuuliza.

"Mama Afnan, halua ile si kaileta kaka yako juzi kutoka Wete? Wewe tangu lini unajua kupika halua?"

"Sijui," akasema Zainab. "Nitajifunza. Wewe omba tu asome polepole."